Rinda la Siku Moja

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, usiku wa Mombasa hugeuka mchana. Baada ya tarawehe, Mtaa wa Biashara hujaa watu bega kwa bega. Akina mama wamewashika watoto mikono, wachuuzi wametandaza viatu na bangili kando ya njia, na madukani majora ya vitambaa yanafunuliwa na kukunjwa, yanafunuliwa tena na kukunjwa. Kwenye vibaraza vyembamba mbele ya milango, mafundi wameinamia cherehani. Msimu huo hakuna mazungumzo marefu. Mtoto husimamishwa, hupimwa kutoka begani hadi chini ya goti, kisha kifuani, basi. Mama huongeza neno moja tu: "Muwachie pindo, fundi." Kesho yake, baada ya alasiri, rinda liko tayari.

Neno lenyewe lina safari yake. Kwa asili, rinda ni mkunjo wa nguo, ule unaokusanywa kiunoni ili kitambaa kipate kupanuka. Ndiyo maana Unguja na Dar es Salaam husikika "gauni la marinda". Mombasa, na Kenya kwa jumla, mkunjo umelimeza vazi zima. Rinda ndilo gauni lenyewe, na kwanza kabisa ni gauni la msichana.

Vazi hili haliwekwi kwenye kabati la kioo. Huvaliwa likachakaa, likarithiwa na mdogo mtu, kisha likaishia kuwa tambara la jikoni. Lakini anayelifuata nyuma, kutoka cherehanini hadi dukani na kutoka dukani hadi bandarini, hufika chini ya kuta za Ngome ya Yesu na kupita hata kabla hazijajengwa. Mombasa, au Mvita kwa jina lake la kale, ni mji uliovishwa na bahari. Kitambaa kilitoka mbali, kilibebwa na upepo na kililipiwa kwa pembe za ndovu, nafaka na dhahabu. Kwa hiyo waliokikata walijifunza mambo matatu ambayo fundi wa leo angali anayashika: kukata kwa mistari iliyonyooka, kushona upesi, na kutotupa kitu.

Mwaka 1505, Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuvamia mji wa Mombasa, wakaupora na kuuchoma. Hans Mayr, aliyekuwa katika msafara huo, aliacha maelezo ya waliyoyakuta, na miongoni mwa mali iliyomshangaza ni wingi wa vitambaa vya pamba. Alieleza kuwa pwani nzima hadi Sofala ilijipatia nguo zake kutoka hapa. Mombasa ilikuwa ghala. Kaskazi ilivuma na kuvileta vyombo kutoka Kambaya na bandari nyingine za Gujarati, kutoka Uarabuni na Ghuba, navyo vikateremsha nguo; upepo ulipogeuka kuwa kusi, vikarudi na bidhaa za Afrika. Msichana wa Mvita aliyefungwa kitambaa kipya kifuani alikuwa, bila mwenyewe kujua, amevaa mavuno ya kaskazi ya mwaka ule.

Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, mhandisi kutoka Milano aliyeutumikia ufalme wa Ureno, ikakamilika kiasi cha kutumika mwaka 1596. Kazi yake ilikuwa kulinda bandari, yaani kulinda biashara, na nguo zilikuwa moyo wa biashara hiyo. Baada ya kuzingirwa tangu 1696 hadi 1698, iliangukia mikononi mwa Waomani. Wareno waliondoka, lakini baadhi ya maneno yao yalibaki kwenye ndimi za watu. Moja likawa jina la nguo inayopendwa kuliko zote hapa: leso, kutokana na neno lao la kitambaa cha mkononi.

Kisa cha leso ni kisa cha mshono mmoja ulionyooka. Katika karne ya 19, vitambaa hivyo vya mkononi vyenye maua na nakshi viliuzwa vikiwa vimeungana kwenye jora, na mnunuzi akakatiwa idadi aitakayo. Wanawake wa pwani waliona kitu ambacho waliovitengeneza hawakukifikiria. Walinunua sita, wakavikata kuwa vipande viwili vya vitatu vitatu, wakavishona ubavu kwa ubavu. Ikatoka nguo pana ya kujitanda. Wafanyabiashara walipouona mtindo huo, wakaagiza nguo iliyopigwa chapa ikiwa nzima, yenye pindo kandokando na mji, yaani nakshi ya katikati. Baadaye likaongezwa jina, yaani maandishi yake. Kwingine nguo hiyo iliitwa kanga. Mombasa imeshikilia leso hadi leo.

Jina la Kaderdina Hajee Essak haliepukiki hapa. Biashara yake, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1887, ilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", na anatajwa miongoni mwa waliotangulia kutia misemo ya Kiswahili kwenye leso, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kirumi. Duka lenye jina hilo lilikita mizizi Mtaa wa Biashara, na hadi leo wapo wanaokagua kwanza alama hiyo kabla ya kuuliza bei.

Kabla ya leso kuenea, nguo ya kila siku ilikuwa merikani. Hiyo ilikuwa pamba nzito isiyopaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa na wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja. Iliuzwa kwa jora, ikapimwa kwa mikono: mikono minne ni pima moja, nayo ni shuka, shuka mbili ni doti. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikaadimika, na viwanda vya Bombay vikapata nafasi ya kujaza pengo. Jina halikubadilika. Katika miaka ya 1930, Japani ilipolishika soko la Afrika Mashariki kwa pamba yake ya bei nafuu, watu waliendelea kununua "merikani" iliyofumwa upande wa pili kabisa wa dunia.

Nguo ilieleza pia nani ni nani. Watumwa walivaa merikani, au kaniki, pamba iliyotiwa rangi ya nili iliyokoza hadi kukaribia nyeusi. Waungwana walijipamba kwa hariri na nguo za rangi, na mabibi wa daraja walipotoka walifichwa ndani ya shiraa, pazia lililobebwa na wajakazi wao. Uingereza ilitangaza ulinzi wake mwaka 1895, na mwaka huohuo Ngome ikageuzwa gereza. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika ardhi hii mwaka 1907. Jambo moja ambalo waliokuwa watumwa na watoto wao wangeweza kulibadilisha mara moja lilikuwa vazi. Leso zenye rangi zikaingia kwenye nyumba ambazo jana zilijua kaniki tu, na buibui likachukua nafasi ya shiraa, likavaliwa na kila aliyeweza kulinunua. Kwa binti aliyezaliwa miaka hiyo, nguo ya maua haikuwa pambo peke yake, bali ushahidi kwamba mama yake hakuwa mali ya mtu.

Ng'ambo ya maji, upande wa kaskazini mwa kisiwa, mkondo mwingine wa historia hii ulikuwa umeshaanza. Chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, kilianzisha Freretown mwaka 1875 kuwapokea watumwa waliokombolewa baharini, na kijiji kikapewa jina la Sir Bartle Frere, aliyesimamia mazungumzo ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja. Wasichana waliofikishwa hapo walifundishwa kusoma, na pia kushika sindano. Gauni la kufunika mwili mzima, lenye mikono na shingo ya mviringo, likawa vazi la mtoto wa misheni. Umbo hilo halikubaki Freretown. Lilivuka maji na kuufikia mji, ambako lilikatwa upya kwa vitambaa vya mji.

Kilicholeta haraka ni cherehani. Mashine aliyoisajili Isaac Singer mwaka 1851 ilikuwa imeenea bandari nyingi za dunia kabla ya karne ile kwisha. Waswahili hawakuitafutia jina la Kizungu. Neno lao linahusishwa na la Kiajemi lenye maana ya gurudumu, charkh, na gurudumu hasa ndilo mtu analoliona kwanza, likizungushwa kwa mkono au likiendeshwa kwa miguu. Kwenye vibaraza vya maduka walikaa mafundi wengi wa asili ya Kihindi, jora likiwa dukani nyuma yao na mteja mbele yao. Mtu alinunua wari mbili ndani, akageuka, akapimwa nje. Ufundi huo haukubaki kwao peke yao. Vijana wa Kiswahili, Kiarabu na wa kutoka bara waliingia kuwa wanagenzi, wakaanza kwa kutia vifungo na kupiga pindo, wakaishia kuwa na cherehani zao.

Nyumbani, nyuma ya milango ya nakshi ya Ndia Kuu na Kibokoni katika Mji wa Kale, mikono mingine ilikuwa kazini. Wanawake walidarizi kofia za mkono, zile zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, wakawapa watu wa kuziuza. Ilikuwa kazi ya heshima kwa mwanamke aliyewekwa ndani: alipata fedha bila kukanyaga barabara. Mume akifa au akitoa talaka, sindano ndiyo iliyopika chungu. Cherehani ya mkono ilipoanza kuingia majumbani, wanawake haohao, ambao vidole vyao vilikuwa vimeshazoea kazi nzito zaidi, waliona kushona rinda la mtoto kuwa jambo la asubuhi moja.

Kushona kulifungua pia mlango ambao kitabu peke yake kilishindwa kuufungua. Serikali ilikuwa na shule ya wavulana wa Kiarabu Mombasa tangu 1912, lakini wazazi wengi walikataa kabisa kuwapeleka mabinti shule. Hofu moja ilisemwa waziwazi: msichana akijua kuandika, atawaandikia wanaume barua. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa Mombasa aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alisimama kidete kusema kwamba elimu ya mwanamke si kinyume cha dini bali ni wajibu. Shule ya Wasichana wa Kiarabu ilifunguliwa mwaka 1938. Pamoja na Kurani, kusoma na hesabu, ilifundisha kazi za mikono, na kwa mzazi mwenye wasiwasi sindano ilikuwa dhamana: binti yake hapotei, anajifunza kazi anayoifanya mama yake. Hesabu ya kipimo cha shingo na ya kipimo cha kiuno ilikuwa hesabu vilevile.

Shule ilileta sare, ingawa sare yenyewe haikuwa ngeni. Wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama vilivyoshindana kwa ngoma na mavazi, na ushindani wa Banu Saada na Ibinaal Watan ulikumbukwa kwa miaka mingi. Kikundi kizima kilijitokeza katika nguo ya aina moja. Fundi aliyezoea kukata nguo za wachezaji kwa siku chache kabla ya shindano hakuhitaji kufundishwa namna ya kushona marinda ya darasa zima kabla ya muhula kufunguliwa.

Siri ya haraka yake iko kwenye mkato. Leso moja ina urefu wa takriban mita moja na nusu, na upana unaozidi mita moja kidogo. Kwa msichana wa miaka mitano, hiyo inatosha na kubaki. Fundi huanza na sehemu ya chini, ambayo ni mstatili mtupu, mpana mara mbili ya kiuno cha mtoto. Huukata ili pindo la leso liangukie chini kabisa. Nakshi iliyochapwa kiwandani inakuwa pambo la rinda, na yeye hana haja ya lesi wala utepe. Kisha hupiga mshono wa hatua ndefu ukingoni juu, akauvuta uzi taratibu, na kitambaa kikajikunja chenyewe kuwa marinda. Sehemu ya kifua ni vipande viwili, vya mbele na nyuma, vinavyokatwa pamoja kitambaa kikiwa kimekunjwa, kwa hiyo mkasi hupita mara moja tu. Mahali pekee penye mviringo ni shingo na makwapa. Shingo huzungushiwa ukanda uliokatwa mshazari, kwa sababu kitambaa cha mshazari hufuata mviringo bila kukunjamana.

Zipu hakuna. Zipu ni ghali, huharibika, na humbana mtoto anayekua. Mahali pake huwekwa kamba mbili za kitambaa hichohicho, zilizoshikizwa ubavuni na kufungwa nyuma. Mwaka huu zinakazwa, mwakani zinalegezwa. Wengine hutia mpira kiunoni. Chini huachwa pindo la vidole vitatu au vinne, hata zaidi kwa mama mwenye hesabu kali. Msichana akirefuka, mshono unafumuliwa, pindo linashushwa, na mstari wa rangi iliyokoza unabaki kama alama ya mwaka uliopita. Linabaki jina la leso. Mafumbo ya wakubwa, yale wanayorushiana wake wenza na majirani, hayafai magotini mwa mtoto, basi mama huchagua leso yenye dua au pongezi, au fundi akayaficha maneno ndani ya mshono.

Pamba inatosha peke yake, bila bitana. Mombasa ya Machi, kaskazi ikiwa inakufa na unyevu umening'inia hewani, haimhurumii mtoto aliyevishwa nailoni.

Pigo kubwa kwa mafundi lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikamiminika. Katika soko la Kongowea, ng'ambo ya daraja la Nyali, gauni la mtoto kutoka Ulaya au Marekani liliweza kupatikana kwa bei isiyofikia hata ya kitambaa, sembuse ya kushona. Viwanda vya nguo vya Kenya vilifungwa kimoja baada ya kingine, na cherehani nyingi kwenye vibaraza zikanyamaza. Muda si mrefu baadaye ukaja mgeuko wa ajabu. Sheria ya Marekani ya AGOA ya mwaka 2000 iliruhusu nguo za Afrika kuingia huko bila ushuru, na viwanda vya maeneo huru ya uzalishaji vilivyokuwa Mombasa vikaajiri wasichana kwa maelfu kushonea maduka ya Marekani. Mji uliovishwa merikani kwa zaidi ya karne moja ukawa unaivisha Marekani.

Kilichowabakiza mafundi wa mtaani ni vitu ambavyo mtumba hauvitoi. Cha kwanza ni sare ya shule. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2003, ada iliondoka lakini sare ilibaki juu ya mzazi, na uzito wake si mdogo. Utafiti uliofanywa katika shule 328 za magharibi mwa Kenya na wanauchumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer uliwapa wanafunzi wa madarasa ya juu ya msingi sare za bure. Wasichana waliopewa walibaki shuleni zaidi, na kiwango cha waliopata mimba ndani ya miaka mitatu kilishuka kutoka takriban asilimia 16 hadi 13. Kwa hiyo gauni la shule, ambalo fundi hulikata bila kuwaza mara mbili, linaweza kuwa ndilo linaloamua kama binti atakaa darasani au ataozwa.

Cha pili ni dera. Vazi hili pana na jepesi, lililoshika pwani nzima katika miongo ya karibuni, limerudisha mkato wa mababu katika hali yake nyepesi kabisa: kitambaa kimoja kilichokunjwa, tundu la shingo katikati, mishono miwili ya ubavuni inayoacha nafasi ya mikono. Dera la mtoto huisha kabla chai haijapoa. Wanawake wengi wa Mji wa Kale hulishona nyumbani, kwa cherehani zilezile nyeusi walizorithi, na kuliuza kwa jirani. Hawana tofauti kubwa na waliovichukua vitambaa sita vya mkononi na kuviunga kwa mshono mmoja.

Gereza la Ngome lilifungwa mwaka 1958, kisha Ngome ikafunguliwa kama makumbusho, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Watalii huingia wakapiga picha mizinga, kuta za matumbawe na vyombo vya kaure. Asubuhi ya Idi, hatua chache kutoka hapo, uwanja wa Makadara hujaa watoto. Wavulana wamevaa kanzu zinazong'aa kwa weupe, wasichana wako kwenye pembea, na marinda yao yanafumuka hewani kila pembea inapopaa: mekundu, ya manjano, ya bluu ya bahari. Kwa ndani, mahali ambapo picha hazionyeshi, kila moja lina vidole vitatu vya pindo vinavyongoja mwakani.